Jinsi wataalamu hubaini mlio ulikotoka kwa vihisi vyenye dosari

USIKU wa kuamkia Juni 13, 2011, baada ya mfululizo wa mitetemeko ya ardhi, volkano ililipuka kusini mwa Eritrea, karibu na mpaka wa Ethiopia. Wingu la majivu lilitanda angani, safari za ndege zikavurugika, na aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Bi Hillary Clinton, akalazimika kukatiza ziara yake jijini Addis Ababa.

Mwanzoni hata jina la mlima uliolipuka lilikuwa na utata. Taarifa za kwanza ziliutaja mlima Dubbi, na haikuwa ajabu, kwani Dubbi ulilipuka mwaka 1861 na kuua zaidi ya watu 100. Picha za setilaiti ndizo zilizobainisha baadaye kwamba mlipukaji alikuwa jirani yake, mlima Nabro, ulio umbali wa takriban kilomita 26 tu kutoka hapo. Nabro haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kulipuka katika historia iliyoandikwa, wala hapakuwa na mitambo ya kuuchunguza mlimani penyewe.

Hata hivyo, ngurumo zake zilikuwa zimenaswa mbali. Kituo kimoja kilichoko Djibouti, umbali wa kilomita 260 hivi, kilizisikia. Kingine kilichoko Nairobi, umbali wa takriban kilomita 1,700, nacho kilizisikia, ijapokuwa hakuna mkazi yeyote wa jiji hilo aliyeshtuliwa usingizini.

Je, kituo kilichoko Nairobi hujuaje kwamba ngurumo inatoka Eritrea wala si Kongo au Bahari Hindi? Na je, jibu lake laweza kuaminiwa kwa kiasi gani iwapo vyombo vinavyosikiliza vina kasoro? Maswali haya mawili yamewashughulisha wahandisi kwa miongo mingi, na la pili ndilo gumu zaidi.

Sauti inayozungumziwa hapa ni ile nzito mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuihisi. Sikio letu husikia mitikisiko ya hewa inayofikia takriban 20 kwa sekunde na kuendelea juu. Mitikisiko iliyo chini ya hapo hutupita bila habari. Volkano, vimondo, mawimbi ya bahari kuu na milipuko mikubwa huitoa kwa wingi, na kwa kuwa haifyonzwi na hewa kwa urahisi, huweza kusafiri maelfu ya kilomita.

Vituo vya Nairobi na Djibouti ni sehemu ya mtandao wa dunia nzima uliowekwa chini ya Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia. Kenya ilitia saini mkataba huo mwaka 1996 na kuuidhinisha mwaka 2000. Mkataba wenyewe bado haujaanza kutumika kisheria kwa sababu mataifa kadhaa ambayo ni sharti yauidhinishe hayajafanya hivyo, lakini vituo vyake vinafanya kazi usiku na mchana. Vilivyokusudiwa kusikiliza hewa ni 60, na vingi kati ya hivyo vimekwisha kukamilika. Kituo cha Nairobi hutambuliwa kwa jina la kiufundi IS32.

Kituo kama hicho hakina kihisi kimoja bali kadhaa, vilivyotawanywa katika eneo lenye upana wa kilomita moja hadi tatu. Kihisi kimoja peke yake hutambua tu kwamba mgandamizo wa hewa umepanda au umeshuka; hakijui msukumo huo umetoka upande gani. Vikiwa vingi, wimbi la sauti huvifikia kwa zamu. Kilicho upande linakotoka wimbi hulipata kwanza, na kilicho mbali zaidi hulipata mwisho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi linalopita sambamba na mstari wa vihisi viwili vilivyoachana kwa kilomita mbili huchukua karibu sekunde sita kutoka kimoja hadi kingine. Likija kwa ubavu, huvifikia vyote viwili kwa wakati mmoja. Kutokana na tofauti hizo za muda, kompyuta hukokotoa upande wa chanzo.

Hesabu yenyewe si ngumu sana. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeelewa pembetatu anaweza kuifuata. Ugumu unaanzia mahali pengine.

Tuchukulie kwamba kimoja kati ya vihisi viwili hivyo kinachelewa kutoa habari kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo sauti husafiri mita 34. Ukilinganisha na kilomita mbili zinazotenganisha vihisi, kosa hilo hupotosha upande wa wimbi lijalo kwa ubavu kwa takriban digrii moja. Digrii moja yaonekana kuwa jambo dogo. Lakini mstari uliopinda kwa digrii moja kutoka Nairobi, ukifika Eritrea, utakuwa umehama kwa kilomita 30 hivi, ambayo ni zaidi ya umbali kati ya Nabro na Dubbi.

Kusema kweli, hata kama vyombo vya Nairobi visingekuwa na dosari yoyote, kituo hicho pekee kisingeweza kumaliza utata wa usiku ule. Kutoka Nairobi, milima hiyo miwili iko karibu katika mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine upande wa kaskazini-kaskazini mashariki, na tofauti ya pembe baina yake haifiki hata robo ya digrii. Djibouti ni habari nyingine. Kutoka huko, Nabro na Dubbi hutofautiana kwa karibu digrii tano. Kituo chenye vihisi vilivyopimwa vyema, kikiwa mahali hapo, kinaweza kuipambanua milima hiyo. Kituo chenye vihisi vilivyopotoka kwa digrii tatu au nne kinaweza kuunyoshea kidole mlima usiohusika, tena kwa ujasiri mkubwa.

Dosari zenyewe hutoka wapi? Nyingi huletwa na mabomba.

Adui mkubwa wa vituo hivi ni upepo. Kila unapovuma, hugonga kihisi kwa misukumo ya hewa inayoweza kuzidi ile ya volkano iliyo mbali. Ili kuupunguza makali, kila kihisi huunganishwa na mabomba yaliyotandazwa ardhini kama miguu ya buibui, katika duara lenye kipenyo cha mita 18 au hata 70, yakiwa na matundu mengi ya kuingizia hewa. Misukumo ya upepo ni midogo na haifanani kutoka tundu hadi tundu, hivyo ikikusanywa pamoja hufutana. Wimbi la volkano, ambalo urefu wake ni mamia ya mita au hata kilomita kadhaa, huingia katika matundu yote karibu kwa pamoja, na hivyo halifutiki.

Ni ubunifu mzuri, lakini mabomba yamo nje, kwenye mvua na vumbi. Maji huingia. Wadudu hujenga ndani. Nyasi na matope huziba matundu, viungo hupasuka. Bomba lililoziba nusu bado hupitisha sauti, ila huipitisha kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hutofautiana kulingana na uzito wa sauti yenyewe. Fundi aliye ofisini huona mistari ikiendelea kuchorwa kwenye skrini kama kawaida. Kihisi kilichokufa kabisa ni rahisi kukigundua. Kinachodanganya kidogo kidogo ndicho cha kuogopwa.

Zipo pia kasoro za mahali na za saa. Ramani ikisema kihisi kiko hapa ilhali kiko mita 35 kando, matokeo ni yale yale ya kuchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Siku hizi tatizo hili limepungua mno, kwa sababu mahali na saa vyote hupatikana kutoka kwa setilaiti.

Si kila kosa lina madhara, hata hivyo. Chukua mfano wa soko ambamo wauza nafaka wote wanatumia mizani inayopunja gramu 50. Mnunuzi ataibiwa bila shaka. Lakini akitaka tu kujua mfuko upi ni mzito kuliko mwingine, hatakosea, maana wote wamepunguziwa sawa. Ndivyo ilivyo kwa vihisi. Vyote vikichelewa kwa kiasi kimoja, upande wa chanzo hautabadilika hata kidogo, kwani kinachotumika ni tofauti kati yao. Kinachopotosha ni kutolingana, yaani mizani moja inapopunja huku jirani yake ikipima sawasawa.

Basi kasoro ya namna hii hugunduliwaje bila kwenda kuchimbua kila bomba?

Ipo njia moja ambayo wengi huidhania kuwa inatosha, kumbe haitoshi. Mbinu inayotumika sana katika uchambuzi wa sauti hizi, ambayo ilielezwa mwaka 1995 na mwanasayansi Mfaransa Yves Cansi, hukagua vihisi vitatu vitatu. Ikiwa wimbi limechukua sekunde mbili kutoka cha kwanza hadi cha pili, na sekunde moja kutoka cha pili hadi cha tatu, basi sharti liwe limechukua sekunde tatu kutoka cha kwanza hadi cha tatu. Hesabu isipofungamana, huenda kilichonaswa ni upepo tu, na mtambo hukitupa. Kwa kazi hiyo ya kuchuja kelele, mbinu hii ni hodari sana.

Lakini sasa cha pili kichelewe kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kutoka cha kwanza hadi cha pili itasomeka 2.1. Kutoka cha pili hadi cha tatu itasomeka 0.9. Jumla ni tatu vilevile. Kosa lilizidisha upande mmoja na kupunguza upande wa pili kwa kiasi kile kile, na ukaguzi haukuona kitu. Mashahidi watatu wamekubaliana kikamilifu, ilhali upande walioutaja si sahihi.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya vituo vya kusikiliza hewa kuwekewa vihisi visivyopungua vinne. Wimbi linalotoka mbali hupita kituoni kama mstari ulionyooka, likiwa na upande mmoja na kasi moja. Mambo yasiyojulikana ni hayo mawili tu. Vihisi vitatu hutoa tofauti mbili za muda, ambazo daima zitapata jibu fulani, liwe la kweli au la uongo. Kihisi cha nne huleta tofauti ya tatu, na hapo ndipo uongo unapoanza kujitokeza, kwa kuwa hakuna mstari ulionyooka unaoweza kuwaridhisha wote. Hata hivyo, vihisi vinne husema tu kwamba kuna mmoja anayekosea. Kumtaja ni nani kunahitaji vihisi zaidi, au milio mingi kutoka pande mbalimbali.

Milio hiyo mingi ina faida ambayo haionekani upesi. Kituo kikiwa na kasoro ya kudumu, sauti zitokazo mashariki zitaonekana kupita kwa kasi isiyo ya kawaida, nazo zitokazo magharibi zitaonekana kujikokota. Sauti haina sababu ya kuchukia upande mmoja. Mtaalamu anayekusanya rekodi za miezi mingi na kuona mwelekeo huo hujua kwamba tatizo limo kituoni, na anaweza hata kukadiria ukubwa wake na kulisahihisha, bila kujua sauti hizo zilitolewa na nini wala wapi.

Wazo hili la chombo kujirekebisha kwa kutumia vyanzo visivyojulikana lilifanyiwa uchunguzi wa kina katika miaka ya 1980, hasa kwa ajili ya vinasa vinavyokokotwa na meli chini ya maji na kwa antena za redio. Mwaka 1987, Yosef Rockah na Peter Schultheiss walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba inawezekana kurekebisha mahali pa vihisi hata kama upande wa vyanzo haujulikani, mradi viwepo vyanzo vya kutosha kutoka pande tofauti.

Sharti moja halikukwepeka, na ni rahisi kulielewa. Hebu fikiria kwamba kituo kizima kimezungushwa kwa digrii kumi bila ya mtu yeyote kujua. Tofauti zote za muda zitapatana, kasi zitakuwa sawa pande zote, na hakuna hesabu ya ndani itakayogundua lolote. Kila chanzo kitatajwa kwa kosa la digrii kumi zile zile. Ili kulivunja fumbo hilo, lazima kuwe na angalau alama moja inayojulikana kwa hakika, iwe ni upande wa kihisi kimoja kutoka kwa kingine, au mlio mmoja ambao mahali pake hapana shaka.

Katika miaka hiyo hiyo ilipata umaarufu mbinu ya Mmarekani Ralph Schmidt, ambayo huweza kutenganisha vyanzo viwili vilivyokaribiana mno kiasi kwamba mbinu za zamani huviona kama kimoja. Lakini mbinu hiyo hudhania kwamba mtumiaji anajua kwa ukamilifu jinsi kila kihisi kinavyoitikia sauti ya kila upande. Dhana hiyo ikivunjika, makali yake hupotea haraka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kituo cha kawaida kinachokaguliwa kila mara kina manufaa kuliko kompyuta yenye hesabu za ajabu iliyounganishwa na mabomba yaliyojaa matope.

Ukaguzi wenyewe umerahisishwa. Mwaka 2011, Thomas Gabrielson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, alieleza namna ya kupima kihisi pale pale kilipo, bila kukizima wala kukipeleka maabara. Kihisi cha pili, kisicho na mabomba na ambacho tabia yake inajulikana, huwekwa kando ya kile cha kituo. Hapahitajiki mlipuko wala king'ora. Hewa yenyewe haitulii kamwe. Vipindi ambapo vyote viwili vinasikia kitu kimoja huchaguliwa na kulinganishwa, na tofauti inayobaki ndiyo kasoro ya mabomba.

Lipo kosa jingine ambalo halipaswi kuchanganywa na haya. Pepo za anga za juu, kilomita 50 hivi kutoka ardhini, huweza kuisukuma sauti kando ikiwa safarini, ikafika kituoni ikitokea upande uliopotoka kwa digrii kadhaa. Pepo hizo hubadilika kwa majira, hivyo volkano ile ile huweza kuonekana ikihamahama mwaka mzima. Hapo kihisi hakina hatia. Anayekirekebisha ili kukidhi upepo wa Januari atakuwa amekiharibu kwa ajili ya Julai.

Haja ya kuwa na mlio mmoja unaojulikana ilidhihirika kwa uchungu mkubwa katika Bahari ya Atlantiki.

Mnamo Novemba 15, 2017, nyambizi ya Argentina ARA San Juan, iliyokuwa ikisafiri kutoka Ushuaia kuelekea Mar del Plata ikiwa na watu 44, ilinyamaza baada ya kuripoti kwamba maji yaliingia na kuathiri betri. Msako wa kimataifa ukaanza katika eneo kubwa la bahari yenye dhoruba. Siku kadhaa baadaye, shirika linalosimamia mkataba wa nyuklia, CTBTO, lenye makao jijini Vienna, lilitangaza kwamba vinasa vyake vya chini ya maji vilikuwa vimesikia mlio usio wa kawaida siku ile ile, mwendo wa saa 13:51 kwa saa za kimataifa. Vilivyosikia ni vya kisiwa cha Ascension, umbali wa takriban kilomita 6,000, na vya visiwa vya Crozet kusini mwa Bahari Hindi, karibu kilomita 8,000.

Vituo vya baharini hupangwa kwa vinasa vitatu vitatu, vikiwa vimeachana kwa takriban kilomita mbili, vikielea juu ya nyaya zilizotiwa nanga sakafuni. Mikondo ya maji huviyumbisha. Kwa kuwa ni vitatu tu, shahidi wa nne hayupo, na tegemeo la wataalamu ni kasi ya sauti majini, ambayo ni kama mita 1,500 kwa sekunde na inajulikana vyema. Kosa la digrii moja kutoka Ascension lingeupeleka mstari kando kwa zaidi ya kilomita 100. Isitoshe, sauti inayosafiri umbali huo hupindishwa na tofauti za joto la maji njiani.

Desemba 1, 2017, ndege ya jeshi la Argentina ilidondosha baharini bomu la kina, karibu na eneo ambako nyambizi ilijulikana kuwa mara ya mwisho. Mahali na saa ya mlipuko huo vilijulikana. Ascension ilisikia, Crozet ikasikia. Sasa wataalamu walikuwa na milio miwili iliyopita karibu njia moja na kunaswa na vinasa vile vile, mmoja ukiwa na anwani na mwingine bila. Lolote lililoupotosha upande wa ule wa kwanza, liwe ni kinasa kilichoyumba au maji yaliyoupindisha, lingeupotosha na wa pili kwa kiasi karibu sawa. Kilichobaki ni kupima tofauti baina yao.

Wakati huo matumaini ya kuwaokoa mabaharia yalikuwa yametoweka. Wanamaji wa Argentina walikuwa wametangaza siku moja kabla kwamba shughuli ya uokoaji imekoma na kinachotafutwa ni chombo. Jamaa zao waliendelea kudai msako usisitishwe, na serikali ikaajiri kampuni ya kibinafsi ya Ocean Infinity. Novemba 16, 2018, mwaka mmoja na siku moja baada ya mlio ule, meli yake ya Seabed Constructor iliipata San Juan ikiwa imelala sakafuni, kwenye kina cha mita 907, karibu na pale ambapo mistari ya Ascension na Crozet ilikuwa imekutana.